Kisichovuja Nacho Hushika Umande: Unyevu katika Makasha ya Umeme ya Nje Kisiwani Ndau

Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, nalo ni namna unyevu unavyojikusanya ndani ya makasha ya umeme yanayofungwa nje, na njia za kuuzuia. Kwa kusema "kasha la umeme" tunakusudia sanduku la bati, chuma au plastiki ambamo hufungwa fyuzi, swichi, mita, vidhibiti vya chaji na viungo vya nyaya, kisha likatundikwa ukutani, juu ya nguzo au chini ya paneli za jua. Tumekichagua kisiwa cha Ndau, katika funguvisiwa la Lamu, kuwa mfano wetu kwa sababu hapo hewa ya bahari, chumvi na umeme wa jua hukutana kwa namna inayolidhihirisha tatizo hili waziwazi.

Huenda msomaji akauliza: suala la mafundi limeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu letu ni kwamba sehemu ya tatizo lenyewe imo katika lugha. Fundi aliyeambiwa kwamba kasha fulani "halipitishi maji" huamini kuwa vifaa vyake vimekwisha kukingwa. Kumbe sehemu kubwa ya maji yanayoviharibu vifaa hivyo haiingii ikiwa maji, bali huingia ikiwa hewa, kisha hugeuka maji humo humo ndani. Asiyetofautisha kuvuja na kushika umande ataendelea kuziba kila ufa anaouona, na kadiri anavyozidi kuziba ndivyo anavyozidi kuyafungia maji ndani. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Katika jambo hili, aliyeziba kila ufa ndiye atakayelazimika kujenga upya.

Ndau, umeme wake na hewa yake

Ndau ni kisiwa kidogo kilichoko upande wa kaskazini mashariki wa Pate, kabla msafiri hajafika Kiwayu. Wenyeji wake ni Wabajuni, wasemaji wa lahaja ya Kibajuni ambayo pia huitwa Kitikuu, na riziki yao kubwa hutoka baharini. Maji matamu ni adimu katika visiwa hivi, ndiyo maana wakazi wamezoea kukinga mvua kwa majabia, yaani mabirika yenye sakafu pana ya kukusanyia maji. Umeme nao katika visiwa vidogo vya upande huu umekuwa hasa ni wa paneli za jua na jenereta. Mradi wa KOSAP, ambao ulipata idhini ya Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa ajili ya kuzifikishia umeme wa jua kaunti 14 ambazo gridi ya taifa haikuzifikia vya kutosha, unaihusu pia kaunti ya Lamu. Huko Kiunga, ng'ambo ya bara, shirika la GivePower lilianzisha mwaka 2018 mtambo wa kuondoa chumvi katika maji kwa nguvu za jua.

Kila mradi wa namna hii, uwe mkubwa au uwe wa nyumba moja, huleta makasha. Paneli hukaa juani, betri hukaa kivulini, na baina yao huwapo sanduku moja au mawili ambamo nyaya hukutana. Kiungo kimoja kikiota kutu humo ndani, taa za madrasa huzimika, pampu ya maji husimama, au jokofu la zahanati hukosa umeme. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Jokofu likinyamaza usiku mahali ambapo fundi hana budi kuvuka bahari ili afike, hasara hupatikana kabla ya chombo chake kung'oa nanga. Hilo ndilo linalotufanya tuseme kwamba suala hili si dogo.

Sasa na tuitazame hewa yenyewe. Mwaka wa pwani hugawanywa na pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi, inayoanza mwezi wa Aprili na kudumu hadi Septemba au Oktoba. Masika huja pamoja na mwanzo wa kusi, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi katika Lamu. Lakini hata kusipokuwa na mvua, hewa ya kisiwani imejaa mvuke.

Uwezo wa hewa kubeba mvuke hutegemea joto. Hewa ya nyuzi 30 ikishiba hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo, ilhali hewa ya nyuzi 20 hushiba kwa takriban gramu 17 tu. Tuchukulie jioni moja ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo ina takriban gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi kufikia nyuzi 26, tayari imeshiba, na ikipoa zaidi ya hapo haina budi kuyatema maji iliyoyabeba. Kiwango hicho cha joto ambacho hewa huanza kutema maji tutakiita joto la umande. Tulinganishe na mahali pakavu pa bara, penye nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 30. Hewa ya huko ina takriban gramu 12 tu, na itabidi ipoe hadi karibu na nyuzi 15 ndipo umande utokee. Kwa hiyo kasha la bara huhitaji kupoa kwa nyuzi 20 ili lilowe, na kasha la kisiwani huhitaji nyuzi 4 tu. Kasha lile lile, lililotoka katika kiwanda kile kile, laweza kudumu kwa miaka mingi mahali pamoja na kuharibika upesi mahali pengine, bila ya fundi yeyote kulifunga vibaya.

Jinsi kasha linavyopumua

Kasha lililotundikwa juani huchomwa mchana kutwa. Hewa iliyomo huweza kupita nyuzi 50, hasa kasha likiwa la chuma na rangi yake ikiwa nzito. Hewa ikipata joto hutanuka. Ikitoka nyuzi 26 ikafika nyuzi 55, hutanuka kwa takriban sehemu moja ya kumi, na ziada hiyo hutafuta njia ya kutokea: penye mpira wa mlango, penye tundu la skrubu, au kandokando ya waya. Jua likitua, hewa iliyobaki hupoa na kunywea, na kasha huivuta hewa mpya kutoka nje ili kujaza pengo. Hewa hiyo mpya ni ya jioni ya bahari, iliyojaa mvuke. Kesho yake hali hujirudia. Ndiyo maana tunasema kwamba kasha hupumua: hutoa pumzi mara moja asubuhi, na kuivuta mara moja jioni.

Usiku ukiendelea, kifuniko cha kasha kinachoelekea mbinguni hutoa joto lake kwenda angani, na huweza kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Hili wenyeji wanalijua bila ya kufundishwa. Mkeka ulioachwa uani usiku kucha huamka umelowa, ilhali ule uliokaa chini ya kipaa huamka mkavu. Umande wa kasha hufuata kanuni hiyo hiyo, ila hutokea upande wa ndani, ambako hakuna upepo wa kuukausha. Matone hujishika chini ya kifuniko, hukusanyika, kisha hudondokea vifaa.

Je, maji hayo ni mengi kiasi gani? Kasha lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kina cha 20 lina ujazo wa lita 24. Likivuta sehemu moja ya kumi ya hewa yake kila jioni, huingiza pamoja nayo mvuke unaotosha kufanya takriban tone moja la maji. Si lote linalobaki, kwa kuwa baadhi yake hutoka tena mchana. Hata hivyo, sehemu fulani hujificha chini ya vifaa na ndani ya nyuzi za waya, na siku thelathini za kusi ni pumzi thelathini.

Kuna pia pumzi ya ghafla, ambayo ni mbaya zaidi. Mvua ya masika ikilinyeshea kasha lililochomwa na jua, hewa ya ndani hupoa kwa muda mfupi. Lau kasha hilo lingekuwa limeziba kabisa, kushuka kutoka nyuzi 55 hadi 26 kungepunguza mgandamizo wa ndani kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo inatosha kuinua maji hadi kimo cha karibu sentimita 90. Wakati huo huo mpira wa mlango umezungukwa na maji ya mvua. Penye upenyo wowote, kasha halivuti hewa tena, linayanywa maji yenyewe. Hii ndiyo sababu kasha lililokazwa sana mara nyingine hupatikana na maji mengi kuliko jirani yake lililofungwa bila ya uangalifu mkubwa.

Chumvi na umeme wa upande mmoja

Kisiwani maji hayaji peke yake. Mawimbi hurusha matone madogo ambayo hukauka angani na kuacha vumbi la chumvi, na vumbi hilo huingia kasha linapovuta pumzi. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji ya hewa na kuyeyuka pindi unyevu unapofikia asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari, kwa kuwa ina pia kloridi ya magnesiamu, huanza kulowa mapema zaidi, kwani kloridi hiyo huyeyuka penye unyevu wa asilimia 33 tu. Kila mpishi wa pwani ameona chumvi ikilowa koponi. Maana yake kwa fundi ni kwamba kasha lililokwisha kuingiwa na chumvi huwa na utando wa maji hata katika saa ambazo joto la umande halijafikiwa.

Utando huo hupitisha umeme. Umeme wa paneli na betri hutiririka kwa kuelekea upande mmoja tu, tofauti na ule wa gridi unaogeuzageuza mwelekeo wake. Palipo na maji ya chumvi baina ya ncha mbili za waya, mkondo mdogo hupita ndani ya maji hayo usiku na mchana, na shaba ya upande chanya hulika polepole. Kwanza hutokea kutu ya kijani, kisha kiungo hulegea, kisha upinzani wake wa umeme hupanda na kiungo hupata moto. Ajali ya moto huweza kuanzia hapo, kwa sababu cheche ya umeme wa upande mmoja hairahisiki kuzimika yenyewe.

Alama iliyoandikwa na maana iliyosomwa

Makasha mengi huwa na alama ya herufi IP ikifuatwa na tarakimu mbili, kwa mfano IP54, IP65 au IP67. Alama hizi hutokana na kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60529. Tarakimu ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vitu vigumu, na ikiwa 6, hata vumbi haliingii. Tarakimu ya pili hueleza kinga dhidi ya maji: 4 ni maji ya kurushiwa kutoka kila upande, 5 ni mchirizi wa bomba, 6 ni mchirizi wenye nguvu zaidi, na 7 ni kuzamishwa kwa muda wa dakika 30 katika kina cha mita moja.

Ni alama zenye manufaa, lakini ni muhimu kuzisoma kwa uangalifu. Majaribio hayo hufanywa kwa dakika chache, kwa maji matamu, juu ya kasha jipya. Hayasemi lolote kuhusu kasha lililopata joto na kupoa kwa mamia ya siku, wala kuhusu mpira wa mlango uliokakamaa kwa jua na chumvi. Kiwango chenyewe hueleza kuwa kutu na unyevu unaotokana na umande si mambo kinachoyapima. Kwa hiyo mwenye kasha la IP67 amehakikishiwa kuwa halitavuja. Hakuhakikishiwa kuwa halitashika umande.

Funzo la kuta za kale

Wajenzi wa kale wa pwani walikwisha kupambana na jambo linalofanana na hili. Nyumba za mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko. Kuta hizo hazikukusudiwa kuuzuia unyevu usipite. Zilikusudiwa kuunywa na kuutoa. Chokaa hupitisha mvuke, kwa hiyo ukuta uliolowa wakati wa masika hukauka wakati wa kaskazi. Kuta za namna hiyo zikipigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, navyo hujikusanya nyuma ya saruji hadi ikabanduka.

Kasha si ukuta, kwani plastiki na chuma havinywi maji. Hata hivyo, hekima ya msingi ni moja: mahali ambapo unyevu hauwezi kuzuiwa usiingie, sharti upewe njia ya kutoka.

Njia za kinga

Zifuatazo ni njia ambazo, zikiunganishwa, hupunguza sana tatizo. Tumezipanga kwa kuanzia zile zisizo na gharama.

Kwanza ni mahali. Kasha likae chini ya kipaa au chini ya kibanda kidogo cha makuti, ili jua lisilichome mchana na anga isiliponze usiku. Kivuli kimoja hukinga mara mbili, kwa kuwa kasha ambalo halikupata joto sana halitavuta pumzi kubwa jioni. Katika Ndau, bahari kuu iko upande wa kusini mashariki, na kaskazi nayo huja kutoka kaskazini mashariki. Kwa hiyo ukuta wa magharibi ndio uliojificha zaidi dhidi ya pepo zote mbili, ila utahitaji kivuli cha jua la alasiri. Pawe na nafasi ya vidole viwili baina ya kasha na ukuta ili hewa ipite.

Pili ni kasha lenyewe. Plastiki ngumu iliyotengenezwa kustahimili jua hufaa kuliko bati, ambalo huota kutu penye kila mkwaruzo. Mwenye uwezo wa kununua chuma kisichoota kutu achague kile cha daraja la 316, kinachostahimili chumvi kuliko vya kawaida. Rangi iwe nyeupe au ya kung'aa.

Tatu ni nyaya. Nyaya zote ziingie kwa chini, kamwe zisiingie kwa juu. Kabla ya kuingia, waya ushuke chini ya kasha kisha upande, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke pale kwenye pindo. Kila waya upite katika kikaza chake chenye mpira, kilichotoshana na unene wake. Ikumbukwe pia kuwa waya wenye nyuzi nyingi ni kama utambi wa taa. Ncha yake moja ikiwa majini, maji huweza kutambaa baina ya nyuzi za shaba hadi ndani ya kasha ilhali ganda la nje ni zima. Ncha hizo zizibwe. Bomba la nyaya linalotoka ardhini nalo lizibwe upande wa kasha, kwa kuwa hupandisha hewa nyevu ya udongoni kama bomba la moshi.

Nne ni tundu la chini, na hili ndilo ambalo wengi hulionea shaka. Katika sehemu ya chini kabisa ya kasha pawe na njia ya kutokea maji, iliyofunikwa kwa wavu mwembamba ili mijusi na siafu wasifanye makao. Makasha mengi huwa na alama maalumu ya pahali pa kutoboa, na ni vyema kuifuata. Kilicho bora zaidi ni kizibo chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Utando wa aina hiyo ulitokana na ugunduzi wa Mmarekani Robert Gore mwaka 1969, na ndio uliotumiwa baadaye katika makoti ya mvua. Vitundu vyake ni vidogo mno kwa tone la maji, lakini ni vikubwa kwa mvuke. Kizibo hiki kikiwapo, mgandamizo wa ndani na wa nje hulingana wakati wote, na mvua ya ghafla haiwezi tena kunyonywa kupitia mpira wa mlango.

Tano ni joto kidogo. Hewa ya nyuzi 26 iliyoshiba kabisa, ikipashwa moto hadi nyuzi 31, unyevu wake hushuka hadi takriban asilimia 76, na ikifika nyuzi 33 hushuka hadi takriban asilimia 68. Kipasha joto cha wati 5 chaweza kutosha kasha dogo. Lakini umeme wa jua una hesabu yake. Wati 5 kwa saa 12 za usiku ni saa-wati 60, yaani sehemu moja ya ishirini ya betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100. Kwa hiyo njia hii itumiwe kwa makasha yenye dhamana kubwa, kama lile la jokofu la chanjo.

Sita ni vitu vinavyonyonya unyevu, kama vile punje za silika jeli. Hivi hufaa katika kasha lililozibwa vizuri na linalofunguliwa mara chache. Katika kasha linalopumua kila siku katika hewa ya kisiwani hushiba upesi, na kikiisha kushiba kifuko hicho hakina tena msaada. Punje huweza kukaushwa katika joto la takriban nyuzi 120 na kutumiwa tena. Asiyekuwa tayari kuzikagua na asizitegemee.

Saba ni viungo. Waya wa shaba iliyopakwa bati hudumu kuliko shaba tupu. Viungo vikiisha kukazwa, vipakwe grisi maalumu ya umeme. Fundi ajihadhari na silikoni inayonuka siki, kwa kuwa inapokauka hutoa asidi inayoila shaba, na hivyo huleta ndani ya kasha madhara yale yale yaliyokusudiwa kuzuiwa.

Baada ya hayo yote hubaki ukaguzi. Wakati unaofaa ni mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Machi kabla ya masika, na mwezi wa Oktoba kusi inapokwisha. Kabla ya kugusa chochote, swichi zote zizimwe, na ikumbukwe kwamba paneli haizimiki maadamu kuna mwanga, wala betri haina usiku wa mapumziko. Paneli zifunikwe au zitenganishwe kwanza, na kazi hiyo ifanywe na mtu aliyesomea.

Maneno ya kufanyia kazi

Tumesema hapo mwanzo kuwa sehemu ya tatizo imo katika lugha. Sasa tulifafanue jambo hilo. Mafundi husikika wakisema kwamba kasha "limetoa jasho". Usemi huu una uzuri wake, lakini una hatari pia. Mtungi wa udongo hutoa jasho kwa sababu maji yaliyomo ndani hupenya udongo na kutokeza nje. Bilauri yenye barafu nayo husemwa kuwa inatoa jasho, ilhali maji yaliyoko nje yake hayakutoka ndani, yalitoka hewani. Neno moja limebeba mambo mawili yenye vyanzo vinavyopingana. Anayesikia "jasho" huenda akatafuta chanzo cha maji mahali ambapo hakipo.

Neno "kuvuja" nalo hudai tundu, kwa kuwa kinachovuja kina ufa, na dawa ya ufa ni kuziba. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba, kwa mintarafu ya makasha, tuseme "kushika umande" au "umande wa ndani". Istilahi kama "mtonesho" yaweza kufaa darasani, lakini "umande" lina nguvu ambayo istilahi mpya haina. Kila mtu anajua kuwa umande hauhitaji mvua wala paa bovu. Huja usiku mkavu, juu ya kitu kisichokuwa na kosa lolote, na huja kwa sababu ya hewa na ubaridi. Anayeambiwa kuwa kasha lake limeshika umande hatauliza, "Tundu liko wapi?" Atauliza, "Hewa hii itatokaje?" Na hilo ndilo swali sahihi.

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi si ngeni kwetu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kamusi ya darasani haifiki kwenye nguzo ya umeme. Vijitabu vinavyoandamana na vifaa mara nyingi huwa katika lugha za ng'ambo, na pale vinapofasiriwa, mfasiri huweza kuandika "haiingii maji" pasipo kujua kuwa amemwahidi msomaji jambo ambalo mtengenezaji hakuliahidi.

Hitimisho

Tumeona kuwa unyevu wa makasha ya nje hutokana zaidi na hewa inayovutwa kuliko mvua inayovuja. Kwamba katika kisiwa kama Ndau nyuzi 4 tu za ubaridi zatosha kuutokeza. Kwamba chumvi huudumisha na umeme wa upande mmoja huukuza uharibifu wake. Na kwamba kinga yake ni kivuli, nyaya zinazoingia kwa chini, na njia ya kutokea hewa na maji. Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tunaona kuwa ipo kazi ndogo yenye manufaa makubwa, nayo ni kuandika maelekezo mafupi yanayoweza kubandikwa nyuma ya mlango wa kasha. Kwa kuanzia, tunatoa mfano ufuatao ili wenzetu waukosoe na kuuboresha, na wasemaji wa Kibajuni waufasiri kwa lahaja yao:

Kasha hili halivuji, lakini hushika umande.
Usizibe tundu la chini. Ndiko maji yanakotokea.
Usitoboe juu wala ubavuni. Nyaya zote ziingie kwa chini.
Likague kabla ya masika na baada ya kusi. Zima kwanza, na ufunike paneli.
Ukiona chumvi au kutu ya kijani, futa kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, kisha kwa kitambaa kikavu. Usiwashe kabla hapajakauka.